Wanasema ngoma iko damuni mwangu, lakini klave inanikimbia

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mzaliwa wa Tanga. Huu ni mwaka wa sita naishi kaskazini mwa Ujerumani, ninakofanya kazi ya kuwahudumia wazee. Marehemu baba alikuwa mpiga tumba katika bendi moja ya dansi pale Tanga, miaka ya sabini. Nilikua nikimwona anajipaka mafuta ya nazi viganjani kabla ya kwenda kazini usiku. Hakunifundisha. Alisema tumba si kazi ya mtoto wa kike, na mimi sikubishana naye.

Miaka miwili iliyopita nilijiunga na darasa la ngoma za Kikuba. Mwalimu wetu ni mzaliwa wa Matanzas, mji wa Kuba, mtu mzima, mpole, asiyesema sana. Kila Jumatano usiku tunapiga rumba, hasa aina yake iitwayo wawanko, na siku nyingine anatuonjesha ngoma za batá. Siku ya kwanza wanafunzi wenzangu waliniuliza natoka wapi. Niliposema Tanzania, wakacheka kwa furaha: basi wewe hutapata shida. Na mimi nikaamini hivyo.

Mwezi wa nane tulipiga kwenye sherehe ya mtaa. Mwalimu alinikabidhi klave, vile vijiti viwili tu vya kugonga mapigo matano, matatu kisha mawili, yanayoongoza wimbo mzima. Beti zilikwenda vizuri. Kibwagizo kilipoingia nikaanza kuimba, mchezaji akaingia uwanjani, watu wakaanza kupiga makofi, na mikono yangu ikafuata makofi yao bila mimi kujua. Nilikuwa nimepinduka kabisa: mapigo matatu yamekaa mahali pa mawili. Mwalimu alikuwa kwenye kinto. Aliacha kupiga, akainuka, akaja nyuma yangu, akaweka mkono begani mwangu na kunigongea klave kwa vidole mpaka nikarudi. Kisha akaenda kukaa. Huenda watazamaji hawakugundua, lakini mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Wiki mbili baadaye jumba la utamaduni la hapa mtaani wakaniita. Wanataka kuanzisha darasa la Jumamosi la watu 12 wanaoanza kabisa, na wanataka mimi nifundishe. Hawakumwita mwalimu wangu, wala Mjerumani mmoja wa darasani kwetu aliyejifunza miaka 11. Mama anayesimamia alisema wanataka Mwafrika halisi, kwamba ngoma iko damuni mwangu. Malipo ni mazuri na ninayahitaji. Mwalimu bado sijamwambia.

Nifanye nini? Je, ngoma haimo ndani yangu hata kidogo? Kuna jingine pia: mimi ni Mwislamu, na kwenye batá tunaimba nyimbo za miungu ya Kiyoruba. Naimba nikiwa na kigugumizi moyoni. Halafu kiganja cha kulia kinavimba chini ya kidole cha shahada. Na mwisho, tumba ya baba iko stoo kwa mjomba, Tanga, ngozi imetoboka na pete ya chuma imeshika kutu. Ina faida yoyote?

Wako,
Binti wa Mpiga Tumba

* * *

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilisimama pale mwalimu wako alipoinuka. Mpiga kinto hainuki ovyo katikati ya rumba. Kinto ndiyo ngoma ndogo kuliko zote tatu, yenye sauti ya juu, na kazi yake ni kuzungumza na mchezaji: mguu ukienda, kinto inajibu, bega likitikisika, kinto inalidaka. Akiiacha, mchezaji anabaki peke yake uwanjani. Mwalimu wako angeweza kukukazia macho. Angeweza kukunyang'anya vijiti na kumpa mwingine, jambo linalotokea kwenye rumba na hakuna anayenung'unika. Yeye alikuja akakuwekea klave begani. Mtu hamfanyii hivyo mwanafunzi aliyemkatia tamaa. Lile la kutaka ardhi ikumeze liache, mama.

Hili la damu nitalisema wazi maana limekukosesha usingizi. Ngoma za Kuba zilitoka Afrika, hilo ni kweli. Zilikwenda na Wayoruba, Wakongo, Waewe na Wafon, na watu wa Calabar, waliopelekwa kulima miwa; utumwa Kuba ulikomeshwa mwaka 1886 tu. Hata upande wetu huu walichukuliwa watu: katika majina ya makabila ya watumwa wa Kuba limo la Macuá, yaani Wamakua, waliobebwa kutoka pwani ya Msumbiji. Na wazao wa Wakongo kule wana ngoma wanazoziita ngoma, kwa neno lile lile. Kwa hiyo anayekuambia huna chako Kuba amekosea.

Lakini wawanko haikuzaliwa Tanga, wala Kongo. Ilizaliwa Havana na Matanzas, bandarini na kwenye zile nyumba za kupanga ambazo vyumba vyote vinatazama ua mmoja. Nyakati ngoma zilipopigwa marufuku, watu walipiga masanduku ya samaki mkavu na ya mishumaa, na hadi leo sanduku la mbao, kahoni, ni ala yenye heshima yake, hasa kwenye yambu, aina nyingine ya rumba. Mtoto wa Matanzas anashika klave kwa sababu ameisikia tangu yuko mgongoni. Ni sikio hilo, mwanangu. Ungelelewa kwenye ua ule ungeijua kama unavyojua mwendo wa chakacha, ambayo mtu wa Havana ukimpigia leo ataanza kutafuta mguu uende wapi.

Wewe una sikio lililolelewa na vitu viwili. Kimoja ni ngoma za pwani, zinazozunguka kwa sita. Cha pili ni dansi la baba. Hili la dansi ndilo linalokuchanganya zaidi. Kuanzia mwaka 1933 zilianza kuja Afrika sahani za santuri za namba za GV, zenye muziki wa Kuba. Nyingi zilikuwa za son, muziki wa mashariki ya Kuba, wenye gitaa na bongo, lakini kwenye biashara ya santuri jina lililovuma ni rumba. Wakongo wakazipenda, wakazigeuza zao, nasi tukapokea kutoka Kongo na kutoka kwenye santuri zenyewe. Ndiyo maana aliyoiita baba yako rumba ni mjukuu wa son, na wawanko anayokufundisha mwalimu wako ni nyumba nyingine kabisa. Hata jina la ngoma limehama: sisi kila moja tunaiita tumba, wakati kwenye rumba ya Kuba tumba ni ile nene ya chini tu, katikati kuna segundo, juu kinto. Baba hakukosea. Alikuwa nyumba nyingine.

Na ninaona mahali hasa ulipoteleza. Kaa mezani sasa hivi, hesabu moja mpaka 16 polepole bila kukata, kisha urudie. Gonga meza kwenye 1, 4, 7, 11 na 13. Hiyo ni klave ya son, na bila shaka mkono wako umeipokea kama mtu unayemjua, maana ndiyo iliyomo kwenye dansi. Sasa gonga 1, 4, 8, 11 na 13. Umesogeza pigo moja tu, la tatu, kwa hatua moja. Hiyo ndiyo klave ya rumba. Pigo lile la 8 linachelewa kama mtu anayesita mlangoni, na uzuri wote wa wawanko umekaa kwenye kusita huko. Watazamaji wanaopiga makofi wasiojua klave hulivuta lirudi nyuma, mkono nao unatafuta pa kuegemea, na ukishafika nusu ya pili umeshaanza upya mahali si pake. Hali hiyo Wakuba huiita klave iliyopishana. Ngoma zote zinaendelea kutoa sauti, lakini wimbo umekaa kama kanzu iliyovaliwa mbele nyuma.

Mimi mwenyewe nilipiga tumba kwenye dansi miaka minane bila kujua kitu hiki kina jina. Aliyenionyesha ni daktari mmoja wa Kikuba aliyekuwa akifanya kazi Unguja. Alikuja ukumbini siku tuliyopiga Mjini, na wakati wa mapumziko akachukua kijiko na chupa tupu ya soda akagonga mapigo matano. Akanipa kijiko, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika: imba wimbo wako uleule. Nilishindwa kufika mwisho wa mstari wa pili. Mtu mzima, nimeshaoa, nina watoto wawili. Nilikaa na kile kijiko miezi.

Kwa hiyo dawa yako ninaijua kwa sababu nimeinywa. Kwa wiki tatu usiguse ngoma nyumbani. Tembea chumbani, mguu ukishuka kwenye 1, 5, 9 na 13, huku mikono ikipiga klave. Miguu ikishazoea, ongeza kibwagizo, kwanza kwa kunong'ona, halafu kwa sauti. Imba ukiosha vyombo, imba ukingoja basi, piga kwa kidole kwenye paja. Ukiona unaweza kuimba bila kuiwaza klave, mwombe mwenzio akae mbele yako apige makofi vibaya kwa makusudi, akuvute, na wewe usivutike. Siku utakayomaliza wimbo mzima huku yeye anakuvuruga, chukua vijiti urudi uwanjani.

Sasa kazi ya Jumamosi. Usiwajibu kitu kabla hujamwendea mwalimu wako. Kwetu pwani mtu hafungui chuo mtaa mmoja na shehe wake bila kubisha hodi kwake kwanza, na hili ni lile lile. Usimtumie ujumbe wa simu. Wahi Jumatano kabla wenzako hawajafika, msaidie kupanga viti, umwambie: wameniita nifundishe wanaoanza, wamekupita wewe wakaja kwangu, nami nimekuja kwako kabla sijawajibu. Kisha nyamaza. Atakalosema ndilo litakalokuongoza. Huenda hiyo kazi anaihitaji kuliko wewe, na hapo utarudi kwa yule mama umpe jina la mwalimu. Huenda Jumamosi hana nafasi, au hataki kuanza na wasiojua kushika kijiti, na hapo atakubariki. Akikubariki, mwombe aje Jumamosi moja kila mwezi, na sharti la malipo yake ulitoe wewe kwa wenye jumba, lisitoke mfukoni mwako.

Yule mama naye umwambie ukweli wote. Mimi ni mwanafunzi, nimejifunza miaka miwili kwa mtu wa Matanzas, natoka Tanga, naweza kuwafundisha klave, vijiti, vibwagizo na ngoma mbili za chini. Akifurahi, vyema. Akisema hilo halina haja, kwamba wanachotaka ni sura ya Mwafrika mbele ya darasa, mshukuru uondoke. Najua fedha unazihitaji na sisemi hivi kwa wepesi. Ila kila Jumamosi ungekuwa unauza kitu usichonacho, na kila klave ikikupotea ungeona ni wewe mzima umekuwa wa uongo. Mzigo huo ni mzito kuliko kuwanyanyua wazee.

Na huyo Mjerumani wa miaka 11 usimpite kando. Mwombe akushikie tumba ya chini ukifundisha. Kama masikio yake yameshika, na miaka 11 si mchezo, atakuwa ukuta wa kuegemea siku mikono ya watu 12 itakapoanza kwenda kila mmoja na njia yake.

Tuseme umebarikiwa na umeanza. Jumamosi ya kwanza ngoma zikae pembeni zimefunikwa. Watasikitika, vumilia. Wasimamishe duara, watembee mwendo mmoja, wapige makofi ya klave, halafu wafundishe kibwagizo kifupi cha maneno manne matano wakiimbe juu yake. Gawa darasa: sita klave, sita waimbe, kisha wabadilishane. Saa nzima itakwisha na watatoka jasho. Jumamosi ya pili leta vijiti vinavyogongwa kwenye ubao au mwanzi, maana ndivyo vinavyobeba mwendo kati ya klave na ngoma. Tumba ya chini iingie ya tatu, ikiwa na mapigo machache tu, baadaye segundo inayoijibu, hadi wasikie jinsi ngoma mbili zinavyotunga wimbo mmoja ambao hakuna hata moja inayoupiga peke yake. Hapo kuna mtu atafumba macho atabasamu. Mwangalie huyo.

Kinto usimpe mtu, na wewe mwenyewe usiiguse mbele yao. Kinto ni ya aliyekwisha kuzijua nyingine zote. Niliwahi kuona darasa lililoanzia kwenye kinto: baada ya mwaka kila mmoja alikuwa na mbwembwe zake na hakuna aliyeweza kukaa dakika tatu kwenye pigo moja.

Atatokea anayetaka salsa, kwa sababu ndiyo anayocheza Ijumaa usiku. Mfundishe tumbao, mapigo nane: kisigino cha kiganja cha kushoto, ncha za vidole vya kushoto, kofi la kulia, ncha za kushoto, tena kisigino, tena ncha, halafu kulia sauti wazi mbili zinazoimba. Mwambie tu kwamba hiyo ni ya ukoo wa son, si wawanko. Na waambie wote habari za ule ua, zile bandari, masanduku ya samaki na mwaka 1886. Dakika tano zinatosha, lakini zisikose.

Swali lako la dini nalijibu kama mpiga ngoma, si kama shehe. Rumba, yaani wawanko, yambu na kolumbia (jina tu, haihusiani na nchi), ni ngoma ya watu kufurahi na kutambiana. Si ibada. Unaweza kuipiga umri wako wote. Batá ni habari nyingine. Ni ngoma tatu, iya, itotele na okonkolo, na mapigo yake na nyimbo zake ni za kuwaita orisha, yaani hao miungu ya Kiyoruba. Ziko zilizowekwa wakfu, ambazo hupigwa na wanaume waliotawazwa tu, na ziko zisizo na wakfu za kujifunzia na za jukwaani. Katika miaka ya 1930 msomi wa Kuba Fernando Ortiz alizileta batá mbele ya hadhira Havana, nje ya ibada, na tangu hapo zimekuwa na njia hizo mbili. Hata wanawake wa Havana wanazipiga hizi zisizo na wakfu. Kundi la Obini Batá ni la wanawake watupu. Kwa hiyo mkono wako kwenye ngoma hauna kosa kwa sababu ya kuwa mwanamke. Lakini wimbo ni dua ya mtu. Anayeuamini hapendi uimbwe na mtu anayeukataa moyoni, na wewe imani yako haikuruhusu kuomba usipoomba. Mwambie mwalimu: nyimbo hizi nitazisikiliza kwa heshima, ila sitaziimba. Mtu wa Matanzas aliyekulia kwenye dini ile atakuelewa haraka kuliko unavyodhani. Jumamosi kwa wanaoanza, batá usiziguse kabisa.

Kiganja. Vua pete kabla ya kupiga, hata kama ni ya ndoa. Uvimbe chini ya kidole cha shahada unaniambia fundo la kidole ndilo linalogonga ukingo. Kwenye sauti wazi, ile nyama laini chini ya vidole ndiyo ikae ukingoni, vidole vianguke kwenye ngozi vikiwa pamoja, na gumba likae nje. Kofi kali halitoki kwenye nguvu, linatoka kwenye mkono uliolegea. Unawanyanyua wazee mchana kutwa. Mkono uliochoka hukakamaa na huumia. Pumzisha siku nne, kisha dakika 15 kwa siku, zisizidi. Uvimbe usipotulia, muone daktari. Na siku yoyote ukipiga kwa muda mrefu ukaona mkojo mwekundu au wa rangi ya kahawia, acha ngoma uende hospitali siku hiyo hiyo. Viganja vikigonga sana huponda chembe za damu, na madaktari wanaijua hali hiyo kwa wapiga tumba.

Tumba ya baba ina faida kubwa. Mpigie mjomba leo. Aiondoe kwenye sakafu ya saruji, aiweke juu ya ubao, mbali na ukuta, maana hewa ya bahari ya Tanga ndiyo inayoila ile pete. Kutu aisugue kwa msasa laini, apake mafuta kidogo. Mbao asizipake rangi. Ukienda likizo, tafuta fundi aiwambe upya kwa ngozi ya ng'ombe iliyolowekwa, ikaukie kivulini siku kadhaa bila kuharakishwa.

Ngozi ya zamani asiitupe, na asiikunje, itavunjika. Aiweke bapa chini ya godoro mpaka ufike. Karibu na ukingo utakuta mabaka mawili meusi, mahali mafuta ya nazi yalipozama miaka yote ile. Weka viganja vyako hapo juu yake, uone baba alikuwa akiuweka mkono wapi.